Gauni Ambalo Halijashonwa ni la Nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kibaraza changu kipo Ngamiani. Miaka mitatu iliyopita mama mmoja aliniletea kitenge cha yadi 6 na kianzio cha shilingi 10,000 nimshonee gauni refu na kilemba, avae kwenye harusi ya mdogo wake. Akasema atarudi kesho yake kupimwa. Hakurudi. Harusi ikapita, na bibi harusi mwenyewe sasa ana mtoto anayetembea. Wiki iliyopita mama kaja, kasimama mlangoni: "Fundi, naomba gauni langu." Nikamwambia gauni hakuna, kuna kitenge. "Miaka mitatu ungeweza kulishona mara mia!" Nikasema nisingeweza, vipimo vyako ninavyo? Tukapandishiana sauti mpaka mzee muuza kahawa akaingilia kati na kutoa hukumu: "Jambo ambalo halikutokea halikuwa linawezekana. Lingewezekana, si lingetokea?" Barazani wote wakamuunga mkono. Hukumu imenipa ushindi, lakini usiku sikulala. Naona ina kasoro na siwezi kuionyesha. Je, mzee kasema kweli? (Nikiri jambo moja: mwaka jana nilikata yadi 2 za kile kitenge nikamshonea mjukuu wangu sketi.)

JIBU: Marahaba, fundi. Hilo la kwenye mabano nitalirudia. Nimesoma barua za wasomaji muda mrefu, na najua watu huficha kiini cha habari humo.

Mzee wa kahawa ana wenzake, tena wa zamani. Karne ya 4 kabla ya Kristo walikuwako wanafalsafa wa mji wa Megara, Ugiriki, waliosema kwamba mtu ana uwezo wa kufanya jambo pale tu anapolifanya. Mwashi anayejenga anaweza kujenga; mwashi aliyekaa kivulini hawezi. Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki, akawauliza swali ambalo ningependa umpelekee mzee pamoja na pesa ya kikombe: mwashi akiweka mwiko chini, ufundi wake umekwenda wapi? Na asubuhi akiuokota tena, kaupata wapi bila kufundishwa upya? Kwa kauli ya mzee, wewe ukifunga cherehani jioni ukaenda kupika, si fundi tena mpaka kesho. Na mzee mwenyewe akishakaa, hawezi kusimama. Nani basi atatumiminia kahawa?

Lakini mama naye asishangilie mapema, maana "kuweza" si kumoja. Mimi naweza kushona gauni? Mikono ninayo, na kwa msaada wa miwani tundu la sindano naliona. Ukinifundisha miaka miwili, nitashona. Mjukuu wako naye anaweza kwa maana hiyohiyo. Wewe unaweza kwa maana nyingine kabisa: ufundi unao tayari, umebaki kuutumia. Na hata hivyo ufundi peke yake haushoni. Unataka kitambaa, uzi, cherehani isiyogoma, na mwili wa mama uliopimwa. Aristotle alilisema hilo pia, kwamba uwezo huenda na masharti yake. Kwa hiyo "fundi anaweza kushona gauni" ni kweli, na "fundi angeweza kushona gauni la mama huyu bila yeye kuja kupimwa" si kweli. Mlipandishiana sauti juu ya sentensi mbili mkidhani ni moja.

Tuje kwenye neno lililonichekesha: "gauni langu". Gauni lipi? Mwaka 1948 mwanafalsafa wa Marekani, W. V. Quine, aliwatania watu wanaovizungumzia vitu vinavyowezekana kana kwamba vimepangwa ghalani. Aliuliza: yule mtu mnene anayewezekana kuwapo pale mlangoni, na yule mwenye upara anayewezekana kuwapo palepale, ni mtu mmoja au wawili? Ukiuliza hivyo kwenye kitenge chako utachoka kuhesabu. La mikono mirefu, la mikono mifupi, la shingo ya mraba, la shingo ya duara. Kila moja linawezekana, lakini yote kwa pamoja hayawezekani. Ukikata hili umeyaua yale. Nasimama na Quine. Mama hana gauni, ana kitenge, na kitenge ndicho chenye uwezekano. Wapo wakubwa wa fani waliokwenda mbali zaidi: David Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alitetea kwamba dunia nyingine zinazowezekana zipo kwelikweli kama hii yetu. Kwa hesabu yake, katika mojawapo kuna mwanamke anayefanana sana na mama huyu, kavaa gauni na kilemba, kacheza harusi mpaka alfajiri. Hongera zake. Hawezi kumwazima wa Ngamiani.

Sasa mabano. Kwa miaka 31 nilifundisha Kiswahili, na kila mwaka niliandika ubaoni: "Ungekuja, ningekushonea" na "Ungalikuja, ningalikushonea." Nge ni ya jambo ambalo bado lina nafasi, ngali ni ya jambo ambalo nafasi yake imekwisha. Najua mitaani zinachanganywa, na hata magazetini, na mimi mwenyewe nikikasirika nazichanganya. Lakini angalia kitenge chako. Kabla ya mkasi ungeweza kumwambia mama, "Ungekuja kupimwa, ningekushonea gauni refu na kilemba." Baada ya mkasi ni ngali tu. Na gauni halikubadilika, maana halikuwapo, wala sasa halipo. Kilichobadilika ni kitambaa, kitu cha kushikika, kutoka yadi 6 hadi yadi 4. Unaweza kupima tofauti hiyo kwa futi yako.

Hapo ndipo usingizi wako ulipopotelea, fundi. Hukumpotezea mama gauni. Ulimpotezea uwezekano, na huo ulikuwa wake kwa sababu kitenge kilikuwa chake. Mzee anaposema jambo lisilotokea halikuwezekana, anakufutia na kosa la sketi: kama gauni halikuwezekana kamwe, mkasi wako umeharibu nini? Ndiyo maana hukumu yake ilikuwa tamu mchana na chungu usiku.

Mwambie mama ukweli. Mpe yadi 4 na kianzio chake, na mnunulie 2 za chapa ileile. Zikikosekana, mlipe thamani yake. Au muulize kama gauni fupi lisilo na kilemba litamfaa, na safari hii umpime kabla hajatoka mlangoni. Sketi mwachie mjukuu.

SWALI: Mwalimu, "huenda" na "inaweza" ni kitu kimoja? Msomaji, Pangani.

JIBU: Si kimoja, na barua ya juu imenipa mfano. "Huenda" mara nyingi hueleza kutojua kwangu. "Inaweza" hueleza kitu chenyewe kilivyo. Mama alipokuwa njiani angesema sawa kabisa, "Huenda gauni limeshashonwa." Fundi, aliyekuwa akikitazama kitenge rafuni kila siku, asingesema hivyo bila kudanganya. Lakini "gauni refu na kilemba vinaweza kushonwa" wangeweza kulisema wote wawili, mpaka siku ya sketi. Baada ya hapo mama angeendelea kulisema, na angekuwa amekosea.