Kumwombea Rehema Aliyekosa

Wengi wanaoanza huduma ya maombezi hudhani kwamba kazi ngumu ni kupata maneno, ilhali kwa yale niliyoyaona katika kikundi chetu cha maombi, linalotushinda zaidi ni kuacha kumshtaki tunayemwombea. Anatajwa kijana aliyeuza mali ya familia, au baba aliyewatelekeza watoto, na kabla ombi halijafika mwisho makosa yake yamekwisha kuelezwa kwa urefu, kana kwamba Mungu hayajui. Ndiyo maana nikiletewa hitaji la mtu huomba nipewe jina na kiini cha jambo tu, kwa kuwa habari nyingi zikishatamkwa kikundini, kesho yake huwa umbea sokoni.

Anayetaka kujifunza namna ya kuomba rehema na asome Danieli sura ya 9 polepole. Danieli, ambaye maadui zake walimchunguza wasione kosa, alifunga, akavaa magunia, akatubu akijihesabu pamoja na waliokosa, wala hakudai lolote kwa haki ya watu wake bali kwa wingi wa rehema za Mungu. Nimeona kwamba mtu akiomba hivyo kwa muda, hata sauti anayomsemesha nayo mkosaji nyumbani hubadilika.

Rehema, hata hivyo, haifuti maonyo. Musa aliwasihia Waisraeli mlimani, kisha akashuka, akaiteketeza ile ndama ya dhahabu waliyoiabudu na kuisaga, halafu akapanda tena kuwaombea, akiwa tayari jina lake lifutwe katika kitabu cha Mungu wasiposamehewa. Kwa hiyo usione haya kumwombea mwizi huku ukimtaka arudishe alichoiba. Mimi ningemshuku mwombezi asiyethubutu kusema hilo.

Wala jibu halitakuja lazima kwa sura uliyoitarajia. Abrahamu aliiombea Sodoma akianza na wenye haki 50, akashuka mpaka 10. Mji haukupona, lakini Mungu alimkumbuka Abrahamu, akamtoa humo Lutu, mwana wa ndugu yake. Sisi tuliwahi kumwombea ndugu mmoja aliyekuwa mahabusu, tukitamani aachiwe. Alifungwa, ila mama yake, ambaye alikuwa amekataa hata kusikia jina lake, alianza kwenda kumtazama gerezani, na baadhi yetu tulifuatana naye tukichukua sabuni na dawa ya meno.

Ikiwa mkosaji amekuumiza wewe mwenyewe, usijilazimishe kuomba kwa urefu. Stefano, alipokuwa akipigwa mawe, aliwaombea wauaji wake kwa sentensi moja. Anza na moja kama hiyo, na ikiwa uchungu haukuruhusu hata hiyo, mwombe mwenzako unayemwamini aitamke kwa niaba yako hadi utakapoweza.