Taa ya buluu iliyokataa kuzimika: miaka yangu na Vitz ya mtumba

Nilinunua Toyota Vitz yangu Julai 2023, mwezi uleule VAT ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Ilikuwa ya mwaka 2012, injini ya lita moja, na ilikuwa imeshakaa barabarani hapa Kenya miaka minne mikononi mwa mmiliki wa kwanza. Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua, hicho kigari hakinywi mafuta. Nami nilikitaka kwa sababu hiyohiyo. Nyumba iko Ruiru, kazi iko mjini, na kwenda na kurudi kwa Thika Road ni kama kilomita 50 kila siku.

Mwezi wa kwanza kikanywa. Nilikuwa najaza tangi mpaka bomba likatike lenyewe, naandika kilomita kwenye daftari, kisha najaza tena na kupiga hesabu. Ilitoka kilomita 10 kwa lita. Mwenzangu kazini mwenye gari kama langu, anayekaa Juja, alikuwa anapata 14. Kwa mtu anayetembea kilomita 1,300 kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 37. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na Oktoba mwaka huo petroli ya super ilifika shilingi 217.36 hapa Nairobi. Lita 37 kwa bei hiyo ni zaidi ya shilingi 8,000, yaani pesa za basi la shule la mwanangu zikitokea kwenye ekzosi.

Naandika haya kwa sababu nimeona watu wakiviuza vigari hivi kwa hasara wakiamini injini imechoka, kumbe kilichochoka ni vitu vya bei ndogo vinavyoizunguka.

Nilianza pale wengi wanapoanzia: plagi, filta ya hewa, kusafisha throtoli. Shilingi 6,500 zikaenda na hesabu ya daftari haikusogea. Ndipo dada yangu akanipeleka kwa fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, mzee mtulivu ambaye hakufungua hata boneti kwanza. Aliniuliza:

"Mama, asubuhi ile taa ya buluu inazimika ukifika wapi?"

Nikamwambia Githurai, siku nyingine Roysambu.

"Basi gari hii haina thamostati."

Vitz za toleo hilo hazina mshale wa kuonyesha joto la injini. Zina taa mbili tu: ya buluu inayosema injini bado ni baridi, na nyekundu inayosema imepata moto kupita kiasi. Ya buluu inatakiwa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Yangu ilikuwa inakaa kilomita kumi na zaidi, na mimi nilikuwa nimeizoea hata nikadhani ni baridi ya Julai.

Fundi alifungua bomba la rejeta, akafungua nyumba ya thamostati, akanionyesha kwa tochi: ndani hamna kitu. Mtu aliitoa. Kazi ya kidude hicho ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kidogo, kisha kufunguka. Kikitolewa, maji yanapoa saa zote. Sensa inaiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi, na kompyuta inaongeza petroli kama inavyofanya alfajiri. Kwa hiyo nilikuwa naendesha gari lenye baridi ya alfajiri kuanzia Ruiru hadi karibu na mjini. Mpya ilinigharimu shilingi 1,800.

Siku ya tatu baada ya kuiweka, jioni, nimekwama kwenye msongamano wa Pangani, taa nyekundu ikawaka. Nilizima AC, nikawasha taa za dharura, nikasogea pembeni, nikazima injini. Kijana aliyekuwa anauza maji ya chupa kati ya magari akaja mbio na chupa mbili, akitaka kunisaidia kufungua kifuniko cha rejeta. Namshukuru kwa moyo wake, lakini nilimzuia kwa mkono. Maji yaliyo ndani ya rejeta yana shinikizo. Ukifungua yakiwa moto yanaruka usoni. Nilikaa dakika 40 na boneti wazi, hadi niliposhika bomba la juu kwa kitambaa na kuliona limelegea.

Kesho yake gari likapelekwa Kariobangi likivutwa. Fundi alipofungua kifuniko, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kwenye pampu ya maji kulikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, mfano wa chumvi iliyokauka, mahali kulanti, maji maalum ya kupoza injini, ilipokuwa inavuja tone kwa tone. Hapo hadithi yote ikaeleweka. Pampu ilianza kuvuja, mtu akawa anajazia maji ya mfereji, mfereji ukaleta kutu, kutu ikaziba rejeta, gari likaanza kuchemka, na badala ya kutibu ugonjwa wakang'oa thamostati ili lisichemke siku ya kuuzwa.

Malipo yalikuwa hivi: thamostati 1,800, pampu 5,200, rejeta 8,500, kifuniko cha rejeta 700, kulanti 2,800, kazi ya fundi 4,000. Jumla 23,000. Tangi lililofuata lilinipa kilomita 14.2 kwa lita, na kwa bei ya petroli ya wakati ule pesa hizo zilirudi kwa miezi mitatu. Ningeendelea kuendesha taa nyekundu ikiwaka, gasketi ya silinda ingeungua na hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo, mtu wangu, weka kulanti. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na huku maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta na kulanti ndivyo vinavyopandisha kiwango hicho. Kifuniko kikilegea, gari linachemka mapema hata kama kila kitu kingine ni kipya. Shilingi 700 tu.

Upande wa mafuta ya injini sina mengi. Injini hii inachukua lita tatu na kidogo, na imetengenezewa mafuta mepesi, 0W-20 au 5W-30. Kuna mafundi watakaokutilia 20W-50 wakisema gari ni la zamani na linahitaji mafuta mazito. Kataa. Vijia vya mafuta kwenye VVT-i, mtambo wa Toyota wa kupanga muda wa vali kufunguka, ni vyembamba. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, kwa sababu kusimama na kuondoka Thika Road ni kazi ngumu kuliko kilomita zinavyoonyesha, na kila Jumapili natoa kijiti cha kupimia mafuta nikiangalie. Tena jambo hili: injini ya lita moja ya Vitz ina cheni ya timing, haina belti. Fundi akikuambia muda wa kubadilisha timing belti umefika, mshukuru na utafute mwingine. Ina silinda tatu, kwa hiyo ikinguruma na kutikisika kidogo ukiwa umesimama ni tabia yake. Ikitikisika hadi usukani ucheze, angalia mpira wa kushikilia injini, kisha plagi na koili zinazozipa plagi umeme. Koili moja ikifa gari linamisi na taa ya injini inapepesa, na ukiendelea kuliendesha hivyo petroli isiyoungua inaharibu kisafisha moshi cha ekzosi (catalytic converter).

Giaboksi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwa ajili ya wanunuzi wapya. Vigari vingi vya Japani vya miaka hii vina CVT, haina gia za kuhesabu bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Mkanda huo unategemea mafuta yake maalum, na mafuta hayo si ATF, yale ya giaboksi za kawaida za otomatiki. Rafiki yangu alimwagiwa ATF na karakana moja katika huduma ya kawaida kwa sababu ilikuwa nafuu. Ndani ya wiki mbili gari likawa linatetemeka likianza kuondoka, na kupanda Waiyaki Way kuelekea Uthiru injini inalia lakini mwendo hauji. Giaboksi ya mtumba ilimla shilingi 65,000. Yangu nilibadilisha mafuta muda mfupi baada ya kununua, kwa sababu sikujua kama yamewahi kubadilishwa: lita nne, shilingi 7,200 pamoja na kazi. Nilinunua makopo mwenyewe baada ya kusoma jina la mafuta kwenye kitabu cha gari, nikasimama pale yakifunguliwa. Fanya hivyo hata kama unamwamini fundi wako kama ndugu. Watakuambia mafuta ya CVT ni ya maisha. Kwenye jamu na milima yetu mimi nahesabu kilomita 40,000, basi.

Chini ya gari, matuta na mashimo hayana huruma. Sauti ya "kgo-kgo" ukipita tuta polepole mara nyingi ni linki za stabilaiza, kitu cha shilingi 1,500 kila upande. Usikubali kuuziwa shoki kabla linki na bushi hazijakaguliwa. Shoki za mbele, zikiwa kweli zimekufa, utaona mafuta yamechuruzika kwenye mwili wake. Zangu zilinigharimu 12,000 kwa jozi, na baada ya kazi yoyote ya hapo peleka gari kwa alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Tairi nazo zisome. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Magari mengine hushuka Mombasa bado yamevaa tairi za theluji za Japani, laini sana, na lami ya moto inazimaliza haraka. Pia kwenye mvua hazishiki breki vizuri.

Bima, maegesho na kuosha utavipanga mwenyewe. Ila ukichukua bima kubwa (comprehensive), uliza kwanza sehemu ya hasara utakayolipa wewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kwa gari la thamani ndogo sehemu hiyo inaweza kumeza fidia ya kioo au bampa.

Sasa kama Jumamosi hii unaenda kuangalia gari, iwe ni kwenye yadi za Ngong Road au kwa mtu binafsi, mpigie muuzaji usiku wa kuamkia na umwombe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na joto, omba kurudi siku nyingine. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta wewe mwenyewe na uangalie rangi. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikiunguruma. Isipowaka kabisa kuna mtu ameificha. Mpeleke fundi wako na mashine ya kusoma kompyuta, na umwambie aangalie kama makosa yamefutwa juzi. Liendeshe dakika 20, na uhakikishe kuna mlima. Umiliki uutafute kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen kabla ya kutoa hata shilingi, na kama jina la benki au SACCO limo kwenye logbook, deni hilo limalizwe mbele yako.

Halafu bakiza pesa. Mimi nilibakiza 20,000 na hazikutosha. Kwa gari la umri huu, bakiza 60,000 za miezi sita ya kwanza hata kama itabidi ununue la mwaka mmoja nyuma. Na kama utapata lenye taa ya buluu kama langu, hesabu inazimika baada ya dakika ngapi.