Umaskini wangu haukunipatia ufadhili

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefundisha sekondari huko Kongwa aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimesikia umesoma Uingereza bila kulipa hata senti. Naomba unitumie linki ya skolashipu na mimi nijaribu bahati yangu." Nilimwitikia marahaba, kisha nikakaa kimya siku mbili, si kwa maringo, bali kwa sababu neno "bahati" lilinichoma. Mimi niliomba mara tatu. Mara mbili nilikataliwa, na bahati haikuhusika.

Linki si siri. Chevening, ufadhili wa Serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, kwa kawaida hufungua dirisha la maombi mwezi Agosti na kulifunga mwanzoni mwa Oktoba. Wajerumani wana DAAD, Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, nao ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo tangu mwaka 1959. Kila mmoja una tovuti yake yenye masharti yote. Kuomba Chevening ni bure, jambo ninaloliandika kwa uchungu, kwa kuwa mwaka wa kwanza nilimpa kishoka mmoja mwenye chumba cha steshenari hapa mjini Dodoma shilingi 250,000 "za kufungua faili". Faili hilo sijaliona mpaka leo.

Hata hivyo, si kishoka aliyeniangusha. Wakati huo nilikuwa afisa ugani wilayani Bahi, na insha yangu ya kwanza ilianza hivi: "Nilizaliwa katika familia maskini ya wakulima wa uwele, katika mkoa wenye ukame." Yote yalikuwa kweli. Nikaeleza kibatari, nikaeleza bibi aliyeuza ubuyu ili ninunuliwe sare, na nilipoisoma peke yangu usiku nililia. Wasomaji wa huko hawakulia. Mwaka wa pili nikaongeza machozi: nikaweka na kifo cha baba. Sikuitwa hata kwenye usaili. Kule kukataliwa nimekwisha kusahau; kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilimtumia marehemu baba yangu kuombea fedha.

Mwaka wa tatu rafiki yangu anayefanya kazi Mtumba alisoma rasimu yangu tukiwa tunakunywa chai, akairudisha mezani na kuniuliza, "Pole sana. Sasa wewe umefanya nini?" Nilikasirika. Nikamjibu kwamba sijafanya lolote, zaidi ya kazi tu. Akaniambia nimsimulie hiyo kazi tu.

Nikamsimulia habari ya mizani. Wanunuzi wa mpunga walikuwa wakija Bahi na magunia ya lumbesa, yameshonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kwa gunia bila kujali limemeza kilo ngapi. Nilikaa na wakulima 34 chini ya mkwaju, vikao vitano, mpaka kila mmoja akakubali kuchanga shilingi 10,000, tukanunua mizani ya kuning'iniza na kumwomba mtu wa Wakala wa Vipimo aikague. Siku ya kwanza mnunuzi aliapa kwamba gunia lake ni la kilo 100. Likapandishwa. Mzee mmoja akavua kofia, akasogeza uso hadi karibu na mshale, akasoma kwa sauti kama anayesoma risala: "Mia moja na ishirini na saba." Tangu msimu ule kikundi kile kinauza kwa kilo.

Chevening huuliza mambo manne katika insha: uongozi wako, namna unavyojenga uhusiano na watu wengine, sababu za kuchagua kozi, na mipango yako ya kazi. Mizani ile ilijibu yote manne, kwa sababu kozi niliyoomba ilikuwa ya masoko ya mazao, na mipango yangu ilikuwa kurudi kuendeleza nilichokianza. Nao mfadhili huyo hutaka mhitimu arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Hutaka pia saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili, hivyo wewe uliyemaliza chuo juzi usipoteze usingizi. Tafuta kazi kwanza, hata ya kujitolea.

Baada ya usaili zilikuja pasipoti, kipimo cha kifua kikuu kwa ajili ya viza na safari za Dar, mambo yanayochosha kuyafanya na yanayochosha zaidi kuyasimulia. La barua siwezi kuliruka. Mkuu wangu wa kazi wa wakati huo aliikalia barua ya mapendekezo wiki tatu, ikiwa kwenye droo, huku akiniuliza kila asubuhi, "Na sisi unatuacha na nani?" Nilimsamehe, lakini sijasahau. Waombe watu wawili barua mapema, tena waombe wale walioiona kazi yako kwa macho, si wenye vyeo vikubwa wasiojua hata jina lako la pili. Acheni pia kunakili insha za wenzenu, ndugu zangu. Ukame wa Dodoma unafahamika, wewe hufahamiki.

Mwalimu wa Kongwa nilimjibu siku ya tatu. Akanitumia aya moja: ukame, ng'ombe wa baba yake waliokufa, safari ya kwenda shule kwa miguu. Nikamuuliza anafundisha somo gani na matokeo yalikuwaje kabla hajafika. Akasema ni fizikia, kidato cha kwanza hadi cha nne, yuko peke yake, na kwamba vifaa vya majaribio huvitengeneza kwa chupa za maji na nyaya za redio mbovu. "Lakini dada, hiyo si ni kazi tu?" Nimemwambia aiandike hiyo kazi tu katika ukurasa mmoja, pamoja na idadi ya waliofaulu mwaka kwa mwaka, aniletee kabla ya Agosti.