Muulize hedhi kabla hujamuuliza unga

Wiki iliyopita muuguzi mmoja kijana, aliyehamishiwa karibuni kwenye kliniki ya methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha heroini, yaani unga), aliniandikia: "Dada, hawa wanawake wananijibu mkato, wengine wananidanganya mchana kweupe. Nitawasaidiaje?" Nilimjibu kwa ufupi, kisha usingizi ukakataa kuja. Mdogo wangu, hapa nakujibu kwa marefu, na wenzako wenye swali kama lako wasome.

Mimi niliomba mwenyewe kwenda kuwahudumia wanawake wanaoacha unga na pombe. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniita "nesi wa mateja" na jina likanikaa. Mwingine, tuliyesoma naye, alitangaza kwamba nimezishindwa wodi za maana. Siwezi kusema nimesahau. Ila siku hizi wakipata mgonjwa ambaye mishipa yake yote imekufa kwa sindano, mimi ndiye ninayepigiwa simu, na huwa naenda. (Siri yenyewe ni ndogo: namuuliza mwenye mkono. Anajua ni mshipa upi bado unatoa damu.)

Mwanamke anayetoka kwenye unga ameshaulizwa habari za unga na kila mtu: polisi, mama mkwe, mshauri, daktari. Hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, hakuna aliyemuuliza. Mimi huanzia hapo, na si kwa ajili ya kumchangamsha tu. Heroini huvuruga homoni, hedhi ikakatika kwa miezi, wakati mwingine miaka, naye akaamini kizazi kimekwisha. Akishatulia kwenye methadoni, anakula, analala, mwili unaamka. Yai linaweza kupevuka kabla hajaona damu yoyote, kwa hiyo anaweza kushika mimba bila hedhi kurudi. Nimewapokea wanawake wenye tumbo la miezi wakiniambia, "Nesi, hii dawa imeninenepesha." Kwa hiyo hedhi, kipimo cha mimba na mazungumzo ya uzazi wa mpango viwe vya siku moja.

Akiwa mjamzito, utasikia kelele nyumbani kwake: aache methadoni leo leo, anamlewesha mtoto. Simama imara. Kuikata ghafla kunaleta arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea, na arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema wajawazito wa aina hii wahimizwe kubaki kwenye methadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, badala ya kujaribu kuacha kabisa. Tena mimba ikikua, mwili huivunja dawa upesi zaidi, hivyo akilalamika kwamba dozi haimfikishi asubuhi, usimwite mlafi. Mpeleke kwa daktari ipimwe upya. Mwambie mapema pia kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, atalia sana, atatetemeka, atasumbua kunyonya, na kwamba hali hiyo inatibika. Kumpakata na kumnyonyesha husaidia, kama hakuna sababu nyingine ya kuzuia. Ayasikie kwako. Mgonjwa wangu mmoja aliyasikia akiwa kitandani, kwa sauti ya juu, wodi nzima ya wazazi ikimtazama. Hakurudi kliniki hata kumpimisha mtoto uzito. Hilo bado linaniuma.

Jambo jingine linalowaponza ni dawa mpya. Mwanamke ametulia vizuri, anapatikana na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Siku chache baadaye anatoka jasho, anapiga miayo, makamasi yanamtiririka. Watu wanatazamana: huyo, amerudia! Rifampisini hupunguza methadoni mwilini, na efavirenzi, iliyotumika sana kwa wenye VVU, hufanya vivyo hivyo. Kabla hujamwita mwongo, muulize amepewa nini kipya. Nimeona wanawake waliokuwa wakweli wakirudi mtaani kwa sababu ya methadoni isiyowatosha, na waliowahukumu hawakuwahi kuomba radhi.

Mengine unayajua, ila yafanye: presha, meno, choo kigumu (methadoni hufunga tumbo), vidonda na majipu, uchunguzi wa shingo ya kizazi, chanjo ya homa ya ini B. Homa ya ini C siku hizi inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, wengi hawajaambiwa. Anayekunywa pombe kila siku usimwambie aache usiku huu peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa vibaya. Na anayetoka gerezani au nyumba ya kurekebishia tabia mwambie wazi, bila kumtisha: kiasi alichozoea zamani sasa kinaweza kumuua, mwili umeshakisahau. Ndugu anayeishi naye ajue naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ni nini na inapatikana wapi.

Sasa hao wanaokudanganya. Jiulize ukweli umewagharimu nini. Yupo aliyesema kweli akanyang'anywa watoto. Yupo aliyesema kweli akafukuzwa foleni. Halafu sisi wenye sare tunataka atufungulie moyo siku ya kwanza, mlango ukiwa wazi na mlinzi akisikiliza! Tuache. Majibu ya kipimo cha mkojo hayatangazwi koridoni. Jina lake ni lile alilopewa na wazazi wake, lile la mtaani liishie mtaani. Akikosa siku mbili, muulize kama aliumwa kabla hujamuuliza alikuwa wapi.

Kesho asubuhi kabla dozi hazijaanza kutolewa, pitia mafaili yako uone wangapi hawana tarehe ya hedhi ya mwisho. Anza na hao. Yule anayekujibu mkato mkalishe, funga mlango, mpime presha, mwambie namba zake na maana yake. Unga usiutaje siku hiyo kama mwenyewe hajautaja. Ukimaliza mwezi niandikie, nataka kujua wangapi uliwakuta wajawazito.