Mama amenyamaza, na Dar wananisubiri tarehe 15

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, ni mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja hapa Tanga, mwaka wa nne huu. Nina diploma ya ununuzi na ugavi. Naishi kwa mama, Makorora. Mshahara wangu ni 520,000 kabla ya makato; nyumbani natoa 150,000, na kila mwezi naweka 120,000. Benki nina 1,600,000. Kampuni moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, imeniita kwa 850,000, inataka nianze tarehe 15 mwezi ujao. Mama mdogo yuko Chanika, amesema nikae kwake hata mwaka mzima. Rafiki zangu wanasema nikiiacha nafasi hii nitazeekea Tanga. Mama hajanikataza, ila tangu nimwambie amekuwa kimya. Ana kisukari, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kaka yangu yuko Mikanjuni na familia yake. Nifanyeje?*
*Binti wa Makorora*

Marahaba, mwanangu.

Nenda. Ila usiende tarehe 15, na usiende kwa ajili ya hiyo 850,000, maana ndiyo inayokupumbaza.

Fedha hiyo hutaiona yote. Kwanza inatoka michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, yaani 85,000. Zinabaki 765,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vya Tanzania Bara kodi yake ni 69,250. Mkononi utapokea 695,750. Sasa pitisha mshahara wako wa Tanga kwenye kinu hicho hicho: NSSF 52,000, kodi 15,840, unabaki na 452,160. Nyongeza yako ya kweli ni 243,590. Wewe kichwani umeshaweka 330,000, na pengine umeshaanza kuzitumia.

Haya, tuzipeleke Dar hizo 695,750. Chumba, tuseme 110,000. Nauli 3,000 kwa siku, siku 26, ni 78,000. Chakula 8,000 kwa siku, na hapo unajipikia, ni 240,000. Umeme wa Luku na maji 30,000. Bando 25,000. Mama usimpunguzie kwa ghafla, lakini kwa kuwa huli tena kwake mpelekee 100,000. Jumla 583,000. Zimebaki 112,750, hujanunua nguo wala kumeza panadol. Tanga unaweka 120,000.

Umeiona? Mwaka wa kwanza Dar haikuongezei senti. Wengi hawaipigi hesabu hii, wanafika mwezi wa tano wakijiuliza mshahara unaishia wapi, wanadhani wamerogwa.

Kinachoweza kukuhamisha ni kazi yenyewe. Hapo Tanga unashika stoo ya kiwanda kimoja. Waulize Mikocheni: stoo yao inaendeshwa kwa leja na kadi, au kwa mfumo wa kompyuta? Utagusa manunuzi, au utapokea na kutoa tu? Je, watakupa ruhusa siku za mitihani ya bodi ya ununuzi na ugavi, PSPTB? Wakikujibu kwamba ni kupokea na kutoa, kwa leja, na ruhusa hakuna, basi wanakuita ufanye kazi ile ile mahali penye foleni. Hapo mimi ningekwambia ukae. Lakini kama utaingia kwenye manunuzi na mfumo, miaka miwili ya kazi hiyo ina thamani kuliko hiyo nyongeza, kwa kuwa mshahara wa kazi yako ya tatu, baada ya Tanga na hii ya Dar, ndio utakaobadilika.

Sasa tarehe. Wewe unalipwa kwa mwezi, na sheria ya ajira inataka notisi isiyopungua siku 28. Ukiondoka ghafla, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha za siku hizo kwenye haki zako za mwisho. Tena usiitoe notisi hiyo kabla hujashika mkataba wa Dar wenye saini, unaotaja mshahara, cheo, mahali pa kazi na muda wa majaribio. Kuitwa kwa simu si kuajiriwa.

Kuna jingine kubwa zaidi kwa mtu wa stoo. Usiondoke bila makabidhiano ya kuhesabu. Mwombe mwajiri akutajie atakayepokea, mhesabu pamoja bidhaa moja moja, mlinganishe na leja, upungufu uandikwe siku hiyo hiyo, mtie saini wote wawili na mkaguzi kama yupo, nawe ubaki na nakala. Stoo ikishahesabiwa mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka, kila kilichopotea kitakuwa na jina lako. Na ukifika Mikocheni usipokee funguo kwa maneno; hesabu kwanza, hata wakikuona msumbufu. Dai pia cheti cha utumishi na malipo ya likizo ulizolimbikiza. Namba ya NSSF ni ile ile, usijiandikishe upya, utapata usumbufu wa kuunganisha michango siku ukiihitaji.

Kwa hiyo waandikie hivi: “Nashukuru kwa nafasi. Natakiwa kutoa notisi ya siku 28 na kukabidhi stoo kwa kuhesabu. Naomba kuanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata.” Kampuni yenye akili inayotafuta mtunza stoo itafurahi kusikia unakabidhi kwa kuhesabu. Tarehe 1 ina faida nyingine: ofisi nyingi hufunga orodha ya mishahara kabla mwezi haujaisha. Anayeanza katikati ya mwezi akaikosa orodha, hulipwa mwezi unaofuata, na hapo mfuko hukauka vibaya. Waulize orodha hufungwa lini. Ujue pia kwamba kabla ya kutimiza miezi sita kazini, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikuhusu. Ndiyo maana sitaki ulipe pango la mwaka mzima hata ukiwa nazo.

Tuje Chanika. Mama mdogo amefanya jambo jema, lakini itazame njia. Chanika hadi Gongo la Mboto, ushike Barabara ya Nyerere mpaka Tazara, uingie Mandela, Buguruni, Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu bajaji au bodaboda kuingia Mikocheni. Kufika saa mbili asubuhi uwe umetoka saa kumi na moja alfajiri, na mvua ikinyesha hata hapo huna uhakika. Jioni ni kituoni Mwenge, ambako watu hupanda gari linalokuja kabla halijafika mwisho, wanalipa nauli ya ziada “wageuze nalo” ili wapate kiti. Utafika nyumbani saa mbili usiku, mama mdogo amekuwekea chakula, hujagusa chombo. Wiki mbili ni mgeni. Mwezi wa tatu ni maneno, wala hakuna mwenye roho mbaya.

Kaa kwake wiki mbili, tatu zikizidi. Siku ya kwanza mwambie mwenyewe tarehe ya kuondoka. Usifike mikono mitupu. Kiroba cha machungwa ya Muheza kitafungua mlango vizuri kuliko bahasha, na wiki ya kwanza nunua mchele na mafuta bila kuulizwa.

Chumba tafuta Mwananyamala, Tandale, Manzese au Kawe, ambako kazini si mbali kama Chanika. Usipande juu ya 110,000. Wenye nyumba wengi wa Dar wanataka miezi sita mkupuo, na dalali anachukua mwezi mmoja. Yaani 660,000 na 110,000, jumla 770,000 kabla hujatandika mkeka. Wapo wanaokubali miezi mitatu, hasa chumba kikiwa kimekaa wazi. Omba hiyo mitatu kwanza, hata kama dalali atakunja uso. Naye hapendi, maana mwenye haraka ndiye mteja wake.

Dalali mpatane kabla ya kutembea: ada ya kuonyeshwa ni kiasi gani, na ni kwa vyumba vyote au kila kimoja? Usimpe “hela ya kushikilia chumba”. Chumba kimoja huweza kushikiliwa na watu watatu, kila mmoja na elfu hamsini zake. Pango lipia kwa mwenye nyumba, kwa benki au simu, jina linalotokea liwe lile lililo kwenye mkataba. Kabla ya kulipa pita ofisi ya serikali ya mtaa, uliza nyumba ile ni ya nani. Kuna nyumba za mirathi ambazo ndugu mmoja anapangisha na mwingine anakuja kufukuza.

Ndani ya chumba, tazama ukuta kabla ya dirisha. Ukiona rangi mpya imeishia kiunoni na juu yake ni ya zamani, au mstari wa matope nyuma ya mlango, maji huingia humo. Tandale karibu na Mto Ng'ombe, na bondeni kote kuelekea Msimbazi, masika ya Machi hadi Mei hayana mzaha. Rudi tena baada ya magharibi: hapo utasikia baa ya jirani, utaona kama uchochoro una taa, utajua choo kimoja kinagawanywa na vyumba vingapi. Onja maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, utayafulia lakini ya kunywa utanunua, na bei ya dumu la lita 20 iulize kwa mpangaji, siyo kwa dalali.

Luku nayo, mwulize mwenye nyumba mita ni ya nani. Mita inayolisha wapangaji sita haiwezi kubaki kwenye kiwango nafuu cha watumiaji wadogo, ambacho mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo wote mnanunua ghali. Tena kuna mwenye friji na pasi, wewe una taa na feni, na mchango ni sawa. Nyumba nyingi hugombana kwa hilo kuliko kwa choo.

Akiba yako sasa. Pango na dalali 770,000. Godoro, ndoo, sufuria mbili, mtungi wa gesi wa kilo 6 na feni, jibane ndani ya 300,000; kitanda kitakuja, lala chini. Siku 40 za kula na nauli hadi mshahara wa kwanza, 10,000 kwa siku, 400,000. Jumla 1,470,000. Umebaki na 130,000 za safari yenyewe na dharura. Inatosha, ila imefungwa kwa uzi. Ukianza tarehe 1, unakuwa na mshahara wa mwisho wa Tanga mfukoni, na hapo uzi unakuwa kamba.

Halafu mwezi wa saba. Huko ndiko wengi wanakoangukia, maana kwa miezi sita chumba kimekuwa kama cha bure, kisha mwenye nyumba anagonga anataka 660,000 nyingine. Zile 110,000 nilizokuandikia kwenye bajeti zinatoka siku ya mshahara, zinakwenda kwenye akaunti isiyo na kadi, hata kama mlango haujagongwa.

Kabla ya yote hayo chukua siku mbili za likizo, upande basi pale stendi ya Kange, lala Chanika, na asubuhi ya siku ya kazi fanya ile safari hadi Mikocheni ukiwa na saa mkononi. Usiende Jumapili, Jumapili Dar ni mji mwingine kabisa, itakudanganya.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu yake siyo hesabu. Kimya chake usikichukue kama kukataa. Mama wa miaka yake mwenye kisukari anawaza nani atamshika mkono kliniki, na hataki kulisema asije akaonekana amekufungia riziki. Ukimwuliza “mama, niende?” atasema nenda, na hutakuwa umejua chochote. Mwite kaka yako aje Makorora, mkae watatu, uiweke kadi ya kliniki mezani. Tarehe ijayo ni ipi, nani atampeleka? Dawa zikikosekana pale, nani ananunua na kwa fedha ya nani? Kaka akisema “tutaona”, usiondoke na hilo; abaki hapo mpaka ataje siku. Zile 100,000 zigawe mbili, za matumizi apewe mama mwenyewe, za dawa na bajaji ya kliniki ziwe kwenye simu ya kaka au ya mkewe, yeyote kati yao anayejibu simu.

Wala usimwahidi mama kwamba utakuja kila mwezi. Ni kilomita 350 hivi kwenda tu, utakuja mara mbili, ya tatu utakosa nauli, naye atakuwa amepika. Mwambie utakuja Idi, na siku ile ya kliniki ya kwanza utapiga simu saa nne asubuhi, akiwa bado kwenye foleni.

Shangazi