Programu ya kuhariri video inajifunga kila mara: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: programu ya kuhariri video inajifunga katikati ya kazi huku mteja anasubiri. Karibu kila aliyetuandikia alianza kwa kuifuta programu na kuisakinisha upya. Tunaomba hatua hiyo iwe ya mwisho. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye faili ulizoingiza, draiva ya kadi ya video (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo), joto la mashine au mradi wenyewe, na kusakinisha upya hakugusi hata kimoja kati ya hivyo. Ukituandikia, taja toleo la programu, kadi ya video, kiasi cha RAM, aina ya faili na, zaidi ya yote, ulikuwa unafanya nini ilipojifunga.

Swali: Wataalamu, habari za kazi. Nahariri video za harusi kwa Premiere Pro. Klipu za kamera zangu hazina shida, ila nikiingiza zile ambazo ndugu wa bibi harusi wamenitumia kwa WhatsApp, programu inaganda na kujifunga. Zikikubali, sauti inaachana na midomo. (Morogoro)

Jibu: Hiyo sauti inayoachana na midomo imeshataja mkosaji. Kamera yako inarekodi fremu kwa mwendo usiobadilika, tuseme 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Simu haifanyi hivyo. Mwanga ukipungua au prosesa ikichoka, inashusha fremu, kisha inapandisha tena. Programu za kuhariri zimejengwa kwa hesabu ya fremu zilizo sawa, kwa hiyo kila unapoburuta kichwa cha kusomea (ule mstari unaoonyesha ulipofika kwenye video), programu inalazimika kutafuta upya fremu ipi iko wapi.

Thibitisha kwanza kwa MediaInfo, programu ya bure. Fungua klipu, tazama mstari wa "Frame rate mode". Ukisoma "Variable", usiiingize kwenye mradi kabla ya kuibadilisha. Tumia HandBrake, nayo ni ya bure. Kwenye ukurasa wa "Video" chagua H.264 (njia ya kubana video), weka "Framerate" 30 kama simu ilirekodi kwa 30, kisha weka alama kwenye "Constant Framerate". Ubora weka RF 16 hadi 18. Namba ikiwa ndogo, ubora unapanda na faili linakuwa kubwa. Kwenye "Audio" weka 48 kHz. Klipu zikiwa nyingi, ziweke zote kwenye foleni, uanzishe, uendelee na mengine.

Mradi wako ukiwa wa fremu 25, usijaribu kuipeleka klipu 25 ndani ya HandBrake. Iache 30 thabiti, Premiere yenyewe itaipunguza.

Anayezoea kuandika amri anaweza kutumia ffmpeg:

ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 17 -c:a aac -b:a 192k -ar 48000 klipu_sawa.mp4

Na mara nyingine waombe ndugu hao watume video kama hati, si kama video ya kawaida. WhatsApp ikiituma kama video huibana sana, na hakuna programu ya kurudisha kilichopotea hapo.

Swali: Renda yangu, yaani kutoa video iliyokamilika, inafika asilimia 62 programu inajifunga. Kila mara 62. Nimeshafuta programu na kuirudisha, hali ni ile ile. (Nakuru)

Jibu: Una bahati, maana tatizo lenye anwani linatibika haraka. Inapofia pale pale kila mara, kuna kitu kwenye eneo hilo la taimulaini, ule mstari wa muda unaopangia klipu. Piga hesabu. Video ikiwa ya dakika 20, hizo ni sekunde 1200. Asilimia 62 yake ni sekunde 744, yaani dakika ya 12 na sekunde 24. Asilimia haitembei sawasawa na dakika, kwa hiyo chukua nafasi kabla na baada.

Bonyeza I (alama ya mwanzo) kwenye dakika 11:50 na O (alama ya mwisho) kwenye 13:00, urende kipande hicho peke yake. Kikijifunga, umelikamata eneo. Zima klipu moja moja: kwenye Premiere ya Windows ni Shift+E, kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, ni D. Renda tena kila baada ya kuzima. Wanaostahili kushukiwa kwanza ni plagini (nyongeza za programu) za kampuni nyingine, hasa za maandishi yanayocheza na za kulainisha ngozi. Wa pili ni picha za mnato zilizoingizwa na ukubwa wake wote. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ndani ya video ya 1080p ni mzigo wa bure; ipunguze iwe na upana wa 3840 na bado utaweza kuikuza kidogo. Wa tatu ni klipu yenyewe kuwa imeharibika wakati wa kunakiliwa kutoka kadi ya kamera. Ikiwa kadi bado hujaifuta, inakili upya klipu hiyo tu.

Kipande kikirendeka bila shida peke yake, hapo tuhuma zinahamia kwenye memori na joto, na jibu la Kigamboni hapa chini ni lako pia.

Kuna jaribio jingine linalosema mengi kwa muda mfupi. Kwenye Premiere nenda "File", "Project Settings", "General", na kwenye "Renderer" chagua "Mercury Playback Engine Software Only". Kwenye dirisha la kutoa video badilisha "Hardware Encoding" iwe "Software Encoding". Itachukua muda mrefu zaidi, lakini ikimaliza salama, basi mkosaji ni kadi ya video au draiva yake.

Mteja akiwa yuko mlangoni, toa video kwa vipande viwili au vitatu vya ProRes au DNxHR (aina za faili zisizobanwa sana), viunganishe kwenye taimulaini mpya isiyo na efekti yoyote, kisha toa H.264 kutoka hapo. Andaa nafasi ya diski, maana vipande hivyo ni vizito.

Swali: Tangu Windows ijisasishe, Premiere inaonyesha picha yake ya kufungukia halafu inapotea. Haileti ujumbe wowote. (Zanzibar)

Jibu: Ujumbe upo, umeandikwa mahali ambapo wengi hawatazami. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs" kisha "Application". Tafuta mstari mwekundu wa saa ile programu ilipojifunga, wenye chanzo "Application Error" na namba 1000. Ndani yake kuna "Faulting module name", na hilo ndilo jina unalolitaka. Likianza na nv, kama nvwgf2umx.dll, ni draiva ya NVIDIA. Likianza na igd, ni ya Intel. Likiwa na jina la plagini, ihamishe plagini hiyo nje ya folda yake ujaribu tena. Likiwa ntdll.dll halikuambii kitu, kwa sababu hiyo ni sehemu ya Windows ambayo makosa ya kila aina hupitia.

Kwa hali yako tunashuku draiva, kwa kuwa Windows ikijisasisha huweza kuweka draiva ya kadi ya video kutoka ghala lake. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Kwa NVIDIA chagua "Studio Driver", si "Game Ready". Wakati wa kusakinisha chagua "Custom", weka alama kwenye "Perform a clean installation", kisha uwashe mashine upya.

Ikishindikana, rudisha mipangilio ya Premiere kwenye hali ya mwanzo: shikilia Alt mara tu baada ya kubofya ikoni yake, usiiachie hadi iulize. Njia zako za mkato za kibodi hifadhi kwanza.

Swali: Laptop yangu ina kadi ya video ya GB 4 na RAM GB 16. DaVinci Resolve inasema memori ya kadi imejaa, kisha inajifunga. Mbona RAM bado ipo? (Kampala)

Jibu: Hizo ni memori mbili tofauti, na Resolve inaegemea ile ya kadi kuliko programu nyingi. Inahesabu kila mkondo wa rangi wa kila pikseli kwa biti 32. Fremu moja ya 3840 kwa 2160 yenye mikondo minne ya rangi inakaribia MB 133. Kila nodi (hatua moja ya kurekebisha rangi) na kila safu inahitaji nafasi ya kufanyia kazi, na kupunguza chengachenga kwa kulinganisha fremu jirani kunashika fremu kadhaa kwa pamoja. GB 4 haziendi mbali. Fremu ya 1080p ni robo ya hiyo, karibu MB 33.

Kwa hiyo fungua "Project Settings", "Master Settings", weka taimulaini 1920 kwa 1080 na uhariri hapo. Resolve haiharibu chochote kwa kufanya hivyo: siku ya kutoa video unaweza kuchagua 3840 kwa 2160 kwenye ukurasa wa "Deliver", nayo itarudi kusoma klipu asilia. Lakini wakati huo itahitaji memori ya 4K tena. Ikikataa, toa 1080p. Kwa video itakayotazamwa kwenye simu, hakuna atakayeona tofauti.

Klipu nzito za H.265 zitengenezee proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria: zichague kwenye "Media Pool", bofya kulia, "Generate Proxy Media". Funga kivinjari pia, kwa kuwa nacho kinakula memori ya kadi. Halafu hakikisha Resolve inatumia kadi ya NVIDIA na si ile ndogo iliyo ndani ya prosesa. Kwenye Windows ni "Settings", "System", "Display", "Graphics", kisha "High performance".

Swali: Kwangu programu haijifungi, kompyuta nzima ndiyo inazima, hasa mchana. (Kigamboni)

Jibu: Programu haina uwezo wa kuzima mashine namna hiyo. Tafuta joto au umeme.

Sakinisha HWiNFO, fungua "Sensors", anza kurenda na utazame. Prosesa ikikaa nyuzi 95 hadi 100, fungua mashine, safisha vumbi kwenye feni na mapezi ya kupoozea, na badilisha pasta ya joto kama haijaguswa kwa miaka. Laptop iinue nyuma ili hewa ipite chini. Kuna ujanja wa haraka: kwenye mipango ya umeme ya Windows, weka "Maximum processor state" asilimia 99. Prosesa nyingi za laptop zitaacha kujiongezea kasi, joto litashuka, ila renda itachelewa.

Joto likiwa la kawaida na bado inazima, geukia pawasaplai na umeme wa ukutani. UPS usiinunue kwa kusoma VA peke yake, soma wati. Kadi kubwa ya video ikianza kazi inavuta umeme kwa mkupuo, na UPS ndogo inaachia hapo hapo.

Wenye kompyuta za mezani zenye Intel Core ya kizazi cha 13 au 14 wana la ziada. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zinapewa volti kubwa mno na kuchakaa mapema, ikatoa marekebisho ya 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huja ndani ya BIOS, programu ya msingi ya mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo isasishe. Prosesa ikiwa imeshachakaa, marekebisho hayaiponyi, dai dhamana.

Na RAM ipimwe kwa MemTest86 usiku mzima. Kosa moja likitokea, RAM hiyo haifai kwa kazi.

Swali: CapCut kwenye simu inajitoa nikifika dakika ya tatu. Rafiki amenishauri niifute niipakue upya. (Mwanza)

Jibu: Usiifute! Kazi ambazo hujazimaliza zinakaa ndani ya simu, na ukiiondoa programu zinaondoka nayo. Kwenye mipangilio ya simu nenda kwenye programu, CapCut, hifadhi, na ufute akiba tu. Kitufe cha kufuta data usikiguse, matokeo yake ni yale yale ya kuiondoa. Acha angalau GB 5 wazi, funga programu nyingine, punguza video zilizolaliana juu ya nyingine, na utoe kwa 1080p fremu 30. Ikigoma bado, nakili mradi, gawa mara mbili, toa vipande na uviunganishe.

Swali: Renda inakata nikihifadhi kwenye flash, faili likikaribia GB 4. (Bujumbura)

Jibu: Flash yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Toa kilichomo, iformati kwa exFAT. Bora zaidi, renda kwenye diski ya ndani kisha nakili.

Swali: Umeme ulikatika nikiwa nahariri. Sasa mradi wa Premiere ukifunguka tu, programu inajifunga. Kazi ya wiki nzima! (Tabora)

Jibu: Pole sana. Kabla ya kugusa lolote, nakili folda nzima ya mradi mahali pengine. Tazama ukubwa wa faili la .prproj: likisoma KB 0 limekufa, usihangaike nalo. Ndani ya folda hiyo kuna nyingine iitwayo "Adobe Premiere Pro Auto-Save". Zipange nakala zake kwa saa, chukua ya mwisho kabla ya umeme kukatika, ufungue. Ikijifunga, rudi nyuma nakala moja, kisha nyingine.

Zote zikigoma, tengeneza mradi mpya mtupu, nenda "File", "Import", uchague ule mradi wa zamani, na uingize sikwensi (taimulaini zilizomo ndani yake) moja moja. Mara nyingi kilichooza ni sikwensi moja na nyingine ni nzima. Futa pia "Media Cache" kupitia "Preferences". Premiere itaitengeneza upya, na video zako asilia hazitaguswa. Kwa wanaotumia Resolve, nakala zao ziko kwenye "Project Manager": bofya kulia kwenye mradi, kisha "Project Backups". Ukishaupata mradi wako, weka "Auto Save" kila dakika 5 na nakala 20, na folda ya nakala iwe kwenye diski tofauti na ya mradi.