Gari limezima kwenye maji Somanga: acha stata kwanza

Pole sana ndugu. Kama gari la petroli lilizima katikati ya maji pale Somanga, Kilwa, na sasa haliwaki, usipige stata tena, wala usikubali vijana walisukume liwake. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni ikipanda inagota na konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Hapo utafungua injini nzima.

Chomoa waya wa hasi wa betri. Fungua boksi la ea klina: chujio likiwa limelowa, chukulia kwamba maji yamefika ndani. Fundi atoe plagi zote, achomoe koili (zinazozipa plagi umeme) na fyuzi ya pampu ya mafuta, ndipo arudishe betri na kuzungusha injini. Maji yataruka kwenye matundu ya plagi, kwa hiyo msiiname juu yake.

Halafu vuta stiki ya oili. Ikiwa imepanda juu ya alama au imekuwa kama chai ya maziwa, mwaga yote na ubadilishe filta kabla ya kuwasha. Giaboksi na difu (gia za ekseli) zikaguliwe pia, hata gari likiwaka.

Ea klina ikiwa kavu na oili safi, kuna nafuu: mara nyingi ni koili, soketi au fyuzi zilizolowa. Zikaushe kwa upepo wa kompresa.

Kulivuta mpaka Lindi mjini ni gharama, najua, lakini kama ni otomatiki libebwe juu ya gari jingine, lisiburutwe kwa kamba.